MJANE ASIENDE PEKE YAKE

Somo: Luka 18:1-8

 

Somo la mwezi huu tunaliandika tukiwa Bugolobi, katika chumba kile cha kupanga ambamo kundi letu dogo la Kampala hukutana kila Jumatano jioni. Waliowahi kufika wanapajua. Bugolobi si mtaa wa wakimbizi. Ni mtaa wa nyumba zenye geti na walinzi. Lakini kila asubuhi akina mama zetu hufika hapa kwa miguu kutoka mitaa ya chini, wengine na vitenge kichwani, wengine kufua nguo na kusafisha nyumba za watu. Mkimbizi anayeishi Kampala hapewi posho ya chakula. Asipotembea, watoto hawali.

Tunataka kuwaeleza jambo tulilojifunza hapa. Tumejifunza kwa aibu, na aibu hiyo ni yetu sisi watumishi na wazee wa kanisa. Tunaliandika ili lisirudiwe.

Katika kundi letu kuna mama mmoja mjane ambaye huuza vitenge karibu na barabara inayoitwa Luthuli. Mtoto wake wa kwanza ana miaka kumi na tisa, naye huuza viatu vya mitumba kwa kutembeza. Siku moja ulifanyika msako wa wachuuzi, kijana akakamatwa pamoja na wengine. Wenzake walikuwa na ndugu na fedha, wakatoka. Yeye alibaki. Jina la kituo tunaliacha, maana hatuandiki ili kumshtaki mtu.

Mama alikuja kwetu usiku ule ule. Tulimpokea, tukapiga magoti, tukamwombea kwa machozi ya kweli. Tukamwambia Mungu hulala usingizi kamwe? La, hasinzii, atatenda. Kisha tukamsindikiza hadi barabarani, kila mtu akaenda kwake kulala.

Kesho yake alikwenda kituoni. Aliambiwa arudi kesho. Alirudi, akaambiwa afisa hayupo. Alirudi tena, akaambiwa alete fedha. Alikwenda siku kumi na moja, peke yake, na siku hizo zote hakuuza kitenge hata kimoja. Sisi tulikuwa tukimuuliza habari siku ya Jumatano na Jumapili, tukamwombea tena.

Siku ya kumi na mbili, wanawake wawili wanaouza ndizi na mboga sokoni, Waganda, wasio wa kanisa letu, walimwona akipita huku analia. Walipomsikiliza, waliwaachia wenzao meza zao, wakamchukua na mwenyekiti wa LC wa mtaa, wakaenda naye. Wakaketi wote wanne kwenye benchi la kituo. Mwenyekiti aliuliza kwa upole kijana ameandikiwa kosa gani, na kwa nini hajapelekwa mahakamani. Hawakupiga kelele wala kutukana. Walisema tu kwamba watakaa hapo hadi wajibiwe. Saa kumi na moja jioni kijana alitoka kwa bondi, bila kulipa hata shilingi.

Jumapili mama alisimama kutoa ushuhuda. Alimshukuru Mungu, akawashukuru wale wanawake. Kisha akatugeukia sisi, akasema: "Watumishi wa Mungu, ninyi mliniombea, Mungu awabariki. Wale wa sokoni waliketi pamoja nami." Aliyasema bila hasira. Ndiyo maana yalituchoma.

Baada ya hapo tulifungua Luka 18, na tulisoma kama watu ambao hawajaisoma.

1. MJANE ALIKUWA NA NINI?

Katika mfano huu Bwana Yesu anatuonyesha watu wawili. Wa kwanza ni kadhi asiyemcha Mungu wala kujali watu. Wa pili ni mjane wa mji huo huo. Mjane hana mume wa kumsemea, hana fedha, hana mtu anayemjua ndani ya ofisi. Ana vitu viwili tu: ana neno la kweli, na ana miguu. Neno lake ni fupi: anataka apatiwe haki juu ya mshtaki wake. Miguu yake inamrudisha kila siku.

Angalieni vizuri kwa nini kadhi alikubali. Hakuokoka, wala moyo wake haukulainika. Yeye mwenyewe anasema kwamba bado hamchi Mungu, lakini mama huyu anamchosha. Tulipokuwa chuo cha Biblia mwalimu wetu alituonyesha kwamba neno la Kigiriki lililotumika hapo ni la ngumi, ni kupigwa chini ya jicho. Kadhi mwenye askari na muhuri anamwogopa mama asiye na fimbo, kwa sababu mama huyo kesho atakuwa mlangoni tena.

Miaka mingi tumelihubiri fungu hili kana kwamba ni la maombi ya chumbani peke yake. Ni la maombi, Luka mwenyewe anasema hivyo katika mstari wa kwanza. Lakini mfano ambao Bwana aliuchagua kutufundisha kuomba ni wa mtu aliyevaa viatu akaenda ofisini. Kama kuomba kungekuwa ni kupiga magoti tu, Bwana angetuonyesha mjane aliyepiga magoti nyumbani. Sala ya mjane ilikuwa na miguu.

2. AKINA MAMA WA NAIROBI

Mtu anaweza kusema: hayo ni mambo ya Biblia, siku hizi serikali zina bunduki. Basi tuwakumbushe jambo lililotokea hapa jirani, nchini Kenya, mwaka 1992.

Wakati ule Kenya ilikuwa imetoka tu katika utawala wa chama kimoja. Kifungu cha sheria kilichokataza vyama vingine kilifutwa mwezi wa kumi na mbili mwaka 1991. Lakini vijana waliofungwa kwa sababu ya kudai mambo hayo hayo walikuwa bado gerezani. Walikuwa 52. Mama zao walikuwa wanawake wa vijijini, wengi wao wazee, watu wa jembe. Mmoja wao alikuwa Monica Wangu wa Wamwere, mama yake Koigi wa Wamwere.

Tarehe 28 mwezi wa pili mwaka 1992 akina mama hao walikwenda kwa Mwanasheria Mkuu wa serikali, Amos Wako, wakiwa pamoja na Profesa Wangari Maathai, wakadai watoto wao waachiliwe. Waliambiwa warudi nyumbani, jambo lao litatazamwa. Wapendwa, ni nani kati yetu hajaambiwa neno hilo dirishani? Wao hawakurudi nyumbani. Walikwenda kwenye kona ya bustani ya Uhuru Park, katikati ya Nairobi, wakatandika, wakaketi, wakaanza kufunga chakula. Walisema watangoja hapo hapo.

Watu wakaanza kuja. Walikuja kwanza wachache, kisha mamia. Wengine waliokuwa wameteswa gerezani walisimama mahali pale na kueleza kwa mara ya kwanza mbele za watu mambo waliyofanyiwa. Hata leo mahali hapo panaitwa Freedom Corner, yaani Kona ya Uhuru.

Tarehe 3 mwezi wa tatu askari walikuja na virungu na gesi ya kutoa machozi. Profesa Maathai alipigwa hadi akazimia, akapelekwa hospitali. Baadhi ya wazee wale walivua nguo zao mbele ya askari. Sisi tuliotoka Kongo tunajua maana ya mama mzee kufanya hivyo mbele ya vijana wa umri wa watoto wake. Ni laana nzito. Ni kusema: mimi ndiye niliyekuzaa, na wewe unanipiga.

Mtu angefikiri mambo yaliishia hapo. Lakini akina mama walirudi. Ng'ambo ya bustani ile kuna kanisa kubwa la Waanglikana, kanisa kuu la All Saints. Walikwenda huko. Msimamizi wa kanisa hilo, Peter Njenga, aliwaruhusu kukaa katika chumba cha chini ya kanisa. Walidhani ni kwa siku chache. Walikaa karibu mwaka mzima. Walilala humo, waliomba humo, na askari mara nyingi walikuwa nje. Katikati ya mwaka ule wafungwa wachache waliachiliwa. Mapema mwaka 1993 wakaachiliwa wengine, hata katika wale 52 akabaki mmoja tu.

Tukisoma habari hii tunamkumbuka mama mwingine, Rispa binti Aya, katika 2 Samweli 21. Wanawe wawili waliuawa, miili ikaachwa mlimani. Rispa alitandika gunia juu ya mwamba akaketi pale, mchana akifukuza ndege na usiku akifukuza wanyama, tangu mwanzo wa mavuno hadi mvua iliponyesha. Hatusomi kwamba alisema neno lolote. Lakini habari zake zilimfikia mfalme Daudi, na mfalme akasimama, akaenda kukusanya mifupa na kuizika kwa heshima. Mama mmoja aliyekataa kuondoka alimfundisha mfalme wajibu wake.

3. MLANGO WA KANISA

Sasa tutazame upande wa kanisa, maana hapo ndipo tulipopigwa sisi.

Kanisa la All Saints halikuwafungua wafungwa, maana halikuwa na ufunguo wa gereza. Lilikuwa na ufunguo wa mlango wake lenyewe, na mlango huo likaufungua. Bila chumba kile cha chini, akina mama wangetawanywa kila mmoja kijijini kwake, na kila mmoja angelia peke yake.

Katika Matendo ya Mitume 12 kuna habari ambayo tungeweza kuicheka kama isingekuwa yetu. Petro yuko gerezani, na kanisa linaomba usiku kucha kwa ajili yake. Mungu anajibu, malaika anamtoa Petro. Petro anafika kwenye nyumba ile ile ya maombi, anabisha hodi. Msichana aitwaye Roda anaisikia sauti yake, na kwa furaha anakimbia ndani kuwaambia, bila kufungua. Waombaji wanamwambia ana wazimu. Wakati wao wanaendelea na maombi na mabishano, Petro yuko nje usiku anaendelea kubisha.

Ndugu zetu, usiku ule mama wa vitenge alipokuja, jibu la maombi yetu lilikuwa linabisha mlangoni. Tulikuwa tumeomba miaka mingi kwamba Mungu atutumie. Alipotutumia mama mwenye shida ya kweli, tukamwombea na kumrudisha barabarani. Mungu akawatumia wauza ndizi. Tunamsifu Mungu kwa ajili yao, na tunatubu kwa ajili yetu.

4. JUMAPILI YA KINSHASA

Katika mwezi huo huo wa pili mwaka 1992, siku kumi na mbili kabla akina mama wa Nairobi hawajaketi chini, jambo jingine lilitokea kwetu Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire. Wazee wetu wanaikumbuka.

Mkutano Mkuu wa Taifa, ambao wananchi walikuwa wakiutegemea kuleta mabadiliko, ulikuwa umesimamishwa na serikali mwezi wa kwanza. Waumini wa kawaida wa makanisa waliitana wenyewe. Jumapili tarehe 16 mwezi wa pili, baada ya ibada, walitoka barabarani mjini Kinshasa, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, wakiimba, na mikononi wakiwa na Biblia, rozari na matawi. Walidai jambo moja, kwamba Mkutano ufunguliwe tena. Wanajeshi waliwafyatulia risasi. Watu wengi waliuawa siku ile, watu waliokuwa wametoka kanisani. Mwezi wa nne Mkutano ulifunguliwa.

Hatutaki kuwadanganya. Kufunguliwa kwa Mkutano hakukumaliza taabu za nchi yetu. Mobutu aliondoka mwaka 1997 tu, na aliondoka kwa vita, na vita vile na vilivyofuata ndivyo vilivyotuleta wengi wetu huku. Hata Kenya, Rais Moi alibaki hadi mwisho wa mwaka 2002. Anayewaambia kwamba mkiandamana siku moja kesho yake mbingu zitafunguka, huyo hawapendi. Haki huja kipande kwa kipande. Kipande kile cha Nairobi kilikuwa watoto 51 waliorudi kwa mama zao. Kwa mama aliyerudishiwa mtoto, hicho si kipande kidogo.

Na saa nyingine kipande kinakuja baada ya maisha ya mtu. Tumetaja barabara ya Luthuli hapa Bugolobi. Hata Nairobi iko barabara yenye jina hilo. Wengi wetu tuliipita miaka mingi bila kuuliza ni jina la nani. Albert Luthuli alikuwa mwalimu na mhubiri wa kanisa huko Afrika Kusini, na chifu wa watu wake. Serikali ya ubaguzi ilimtaka achague kati ya uchifu na kudai haki za watu weusi. Alikataa kuacha kudai haki, akavuliwa uchifu mwaka 1952. Alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza kuipata. Alikufa mwaka 1967, na uchunguzi wa wakati ule ukasema aligongwa na treni. Jamaa yake hawakukubali neno hilo. Mwezi wa kumi mwaka 2025 mahakama ya Pietermaritzburg iliufuta uamuzi ule wa zamani, ikasema alikufa kwa kupigwa. Ni miaka hamsini na minane. Mjane wa Luka 18 saa nyingine anazeeka, na watoto na wajukuu wanakwenda mlangoni badala yake.

5. "LAKINI SISI NI WAGENI"

Tunajua mnalotaka kusema. Mlilisema Jumatano, na sisi pia tumelisema mara nyingi: wale walikuwa wenyeji katika nchi zao. Sisi ni wakimbizi. Mgeni hanyoshi sauti katika nyumba ya watu.

Neno hilo lina ukweli, tuuheshimu. Uganda imetupokea. Nchi hii inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na wengi wetu tumepewa hapa kipande cha ardhi cha kulima. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatukataza kufanya siasa tukiwa hapa. Kwa hiyo hatuwaiti kwenye maandamano, wala hatuwaiti kwenye vyama vya siasa. Asiwepo mtu atakayesema kanisa limemtuma kufanya fujo.

Lakini sheria hiyo hiyo inatupa haki nyingine ambazo wengi wetu hatuzijui. Inatupa haki ya kutafuta kazi na ya kwenda mahali na mahali. Inawapa watoto wetu haki ya shule ya msingi sawa na watoto wa wenyeji. Inaturuhusu kujiunga na vyama visivyo vya siasa wala vya kutafuta faida. Tena Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema mtu aliyekamatwa apelekwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita, na ndugu zake wajulishwe. Haisemi Mganda peke yake. Inasema mtu. Na bondi ya polisi ni bure, hailipiwi.

Wale wanawake wa sokoni hawakuvunja sheria yoyote. Waliiomba tu sheria ifanye kazi yake. Kijana wetu alikaa siku kumi na mbili mahali ambapo sheria inasema saa 48, kwa sababu aliyekuwa akimuulizia alikuwa mama mmoja mgeni, mwenye kilio na asiyejua lugha. Siku walipouliza watu wanne kwa pamoja, sheria iliamka.

Wengine hutuletea Warumi 13, kwamba tuwatii wakuu. Amina, tuwatii. Lakini Paulo aliyeandika maneno hayo ndiye yule wa Matendo 16. Huko Filipi alipigwa bila hukumu akatiwa gerezani. Usiku aliimba na kuomba. Asubuhi wakubwa walipotaka kumtoa kimya kimya, alikataa. Alisema yeye ni Mrumi, wamempiga bila kumhukumu, basi waje wenyewe wamtoe. Kudai haki yako kwa sheria si uasi. Kunamkumbusha mkubwa kazi ambayo Mungu amempa.

Na msiseme haki za binadamu ni mambo ya wazungu. Azimio la ulimwengu lilipitishwa mwaka 1948, lakini Mwanzo 1:27 ni ya zamani zaidi, nayo inasema mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Haisemi mtu mwenye kadi.

6. TUFANYE NINI?

Wapendwa, somo lisilo na kazi ni kelele. Baada ya kutubu, wazee wa kanisa tulikaa tukaamua mambo haya, na tunawaomba ninyi wa kambini mfanye hivyo kwa namna ya huko.

Kwanza, hakuna mtu wa kanisa letu atakayekwenda ofisini au kituoni peke yake tena. Akikamatwa mtoto wa mtu, akifukuzwa mtoto shuleni kwa kuwa ni mkimbizi, akinyimwa mama matibabu, watu wawili au watatu watamsindikiza. Mmoja wao awe anajua Kiganda au Kiingereza. Wengine wabaki wakiomba. Tusichague kati ya hayo mawili. Mikono inyoshwe juu na miguu itembee.

Pili, tuandike. Tarehe, saa, neno lililosemwa, jina la ofisi. Kadhi asiyejali husahau haraka, lakini daftari halisahau. Daftari hilo tumelinunua tayari, na linakaa kwa katibu wa akina mama.

Tatu, twende tukiwa na adabu na ukweli. Tusiongeze neno. Uongo mmoja mdogo unaharibu kweli kumi, na tena unamwumiza mkimbizi atakayekuja nyuma yetu.

Nne, tuzijue nyumba zenye milango iliyo wazi. Iko Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, iliyowekwa na Katiba. Uko Refugee Law Project, ulioanzishwa mwaka 1999 chini ya shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Makerere, ambao huwasaidia wakimbizi katika mambo ya sheria. Huko kambini mnao viongozi wenu wa RWC, mliowachagua wenyewe. Tangu mwezi wa tano mwaka 2025, wakati fedha za Shirika la Chakula Duniani zilipopungua, wakimbizi wapatao milioni moja hapa Uganda waliondolewa kwenye posho. Hatuwezi kuamuru fedha zirudi. Lakini kama mzee kipofu au mama mwenye mtoto mlemavu amewekwa katika orodha isiyo yake, hilo ni kosa linaloweza kusahihishwa, na halitasahihishwa akilia nyumbani kwake. Msindikizeni.

Tano, tumsindikize na asiye wetu. Wauza ndizi hawakuuliza mama yule anasali wapi. Mchuuzi Mganda akikamatwa kesho, nasi tuwe kwenye benchi.

Tuna habari moja ya mwisho. Wiki tatu baada ya ushuhuda ule, jirani wa mama wa vitenge, mwanamke wa Burundi, alikuja usiku. Mtoto wake alikuwa amerudishwa kutoka shuleni. Tulipiga magoti, tukaomba, kama siku ile nyingine. Kesho yake saa moja asubuhi tulikutana naye kwenye kona ya barabara ya Luthuli, watumishi wawili na mama wa vitenge mwenyewe, ambaye aliacha biashara yake kwa hiari. Tulikwenda wanne. Siku ya kwanza tuliambiwa turudi kesho. Tukarudi. Siku ya tatu mtoto aliingia darasani.

Bwana Yesu aliumaliza mfano wake kwa swali: atakapokuja Mwana wa Adamu, je, ataiona imani duniani? Tukiangalia mfano wote, imani anayoizungumzia si kelele ya Jumapili. Ni ya yule mama anayeambiwa "rudi kesho," na kesho anarudi. Na sasa tunaongeza: kesho asirudi peke yake.

TUOMBE

Bwana Mungu wa wajane na wageni, tusamehe kwa milango tuliyoifunga tukiwa katika maombi. Wakumbuke walio vituoni na magerezani usiku huu, na mama zao. Walinde wale wanaolilia haki katika nchi yetu tuliyoiacha. Ibariki Uganda iliyotupokea, wape viongozi wake hekima na huruma. Wabariki wale wanawake wa sokoni la Bugolobi. Utupe miguu isiyochoka. Katika jina la Yesu. Amina.

Maswali ya kujadili nyumbani na katika vikundi:

1. Ni nani katika block yenu au mtaa wenu anayekwenda ofisini peke yake?
2. Soma Matendo 12:12-17. Ni nani anayebisha mlangoni kwetu wakati tunaomba?
3. Mjane alikuwa na neno la kweli na miguu. Kundi letu lina nini?

Ni sisi watumishi wenzenu katika shamba la Bwana.